Upepo wa Watu Watatu

Wiki chache baada ya kumzika Baba, pikipiki niliyoikodi ilisimama kwenye kituo cha mafuta, pale unapoteremka kutoka Nyamirambo, dereva akataka kujaza upepo. Kijana wa kituo alichomeka mpira wa mashine kwenye tairi la nyuma, akatazama namba kwenye kioo, akachomoa, akahamia kwa mteja mwingine. Hakuuliza dereva anabeba nini wala anakwenda wapi. Tairi lenyewe lilikuwa la moto, limetoka kupanda mlima, na nilijua namba aliyoisoma ilikuwa ya uongo. Nilitaka kumgombeza kijana wa watu. Lakini hapo hapo ikanijia harufu ya sulusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, kutoka kwa fundi aliyekuwa amekaa ukutani. Nikamlipa dereva safari ambayo haikufika, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Wenzangu mliokulia mtaani kwetu Biryogo mnaijua harufu hiyo. Kwanza inachoma pua, halafu inakuwa tamu, na mtoto akiivuta sana kichwa kinamzunguka. Kwetu tuliila pamoja na wali. Ilikuwa kwenye kanzu za Baba hata zikishafuliwa, kwenye mto wake, kwenye mikate aliyotuletea akitoka kazini. Mama alikuwa akiwaambia mashoga zake kwamba yeye hakuolewa na mtu, ameolewa na tyubu. Baba alicheka kila mara kana kwamba ndiyo anausikia mzaha huo kwa mara ya kwanza.

Alikuwa fundi wa matairi. Babu yake alifika Rwanda na wafanyabiashara waliotoka upande wa Ujiji, akaoa, akabaki, na tangu hapo ukoo wetu ukawa wa watu wa swala na kazi za mikono. Banda lake lilikuwa mdomoni mwa uchochoro, mabati juu na sakafu ya saruji chini, ubavuni mwa cherehani ya jirani yetu Mama Zuhura. Walikuja kwake mabwana shamba, wauza maziwa, makatekista, na wachuuzi waliokuwa wakipakia mali sokoni Nyabugogo. Wote ilibidi waje asubuhi mapema, kwa sababu Baba alikataa katakata kupima tairi lililotoka barabarani. Alisema tairi likipata joto linajivimbisha na kudanganya, liachwe kwanza lipumue. Nimewahi kuona bwana mmoja wa ofisini, na suti yake, amekaa kwenye kigoda anasubiri tairi lake lipumue, na hakuna aliyethubutu kumwonea huruma.

Swali lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa hilo hilo, hata kabla ya salamu kuisha: unabeba nini? Mtu akiwa peke yake, tairi la nyuma alilipa upepo wa kawaida. Akimpakia mke, aliongeza. Akipakia gunia la mkaa, aliongeza tena. La mbele aliliongeza kidogo sana, au hakuligusa kabisa, maana mzigo unakaa nyuma, na la mbele likiwa gumu mno usukani haushiki barabara. Upepo ukipungua wakati mzigo ni mkubwa, alisema, tairi linakunjika ubavuni, linachemka, na litakupasukia mlimani ukiwa na mtoto wa mtu mgongoni. Ukizidi wakati mzigo haupo, pikipiki inarukaruka juu ya mawe kama mbuzi na kwenye tope haina mshiko. Haya nayajua kama ninavyoijua Fatiha, na sijawahi kuendesha pikipiki maishani mwangu.

Kazi ngumu ilikuwa ya wale waliokwenda kuchukua mzigo mbali. Huko waendako hakuna pampu. Ilibidi wajaziwe Biryogo upepo wa mzigo ambao bado haupo, na Baba hakupenda kukisia. Kwa hiyo alitafuta mtu mwenye uzito unaokaribiana na mzigo, akamkalisha kwenye pikipiki mahali mzigo utakapokaa. Aliyeitwa mara nyingi alikuwa Mama Zuhura, aliyejaliwa mwili.

"Mama Zuhura, njoo uwe viazi."

"Jana mkaa, leo viazi! Lini utaniita niwe bibi harusi?"

"Siku nikipata pikipiki ya kukuweza."

Mteja akizunguka pikipiki kwa wasiwasi: "Lakini fundi, ibirayi yangu iko na kilo mingi kupita huyu mama."

"Basi nenda katafute mama mwingine!" Na uchochoro mzima ukacheka, na Mama Zuhura akabaki amekaa juu, ameshika kiuno, mpaka Baba amalize.

Kumaliza kwenyewe kulikuwa hivi. Baba alichota jivu lililopoa kwenye imbabura ya Mama, jiko letu la mkaa, akalitandaza juu ya saruji, kisha akaisukuma pikipiki na mzigo wake ipite juu yake polepole. Halafu alichuchumaa kusoma alama. Alama ikiwa pana, upepo mdogo. Ikiwa nyembamba, imesimama katikati tu, upepo umezidi. Alikuwa na kipimo cha chuma pia, mfukoni, ila kwake kipimo kilikuwa shahidi na jivu ndilo hakimu. Akishaona alama aitakayo alimgusa mteja begani na kumwambia, "Nenda, utarudi salama," na mtu akaondoka.

Watu wa mtaa walimtania kwamba anapiga ramli. Aliudhika sana, kwa kuwa alikuwa mtu wa msikitini. Mimi mtoto, niliyeshinda bandani kila siku nisiyokwenda shule, niliwaamini wao kuliko yeye. Nilimwona anachuchumaa, ananyamaza, anasoma, anasema utarudi salama. Na watu wakarudi. Basi nikajua moyoni kwamba jivu linamwambia Baba nani atarudi. Na nikajua sharti lake: anayekaa badala ya mzigo lazima awe sawasawa na mzigo. Akipungua, jivu litadanganywa, na Baba naye atadanganyika. Hakuna aliyenifundisha hivyo, nilijitungia mwenyewe, kwa akili ile ya watoto inayounganisha mambo na kukaza fundo.

Tulikuwa na mchezo wetu, mimi na yeye. Pikipiki iliyopakiwa ikiingia, nilitazama tairi la nyuma lilivyobonyea, nikataja mzigo kabla haujafunguliwa kamba. Mkaa unabonyeza kidogo kuliko unavyoonekana. Viazi vinabonyeza sana. Nguo za mitumba zinadanganya wengi. Nikipata, alininunulia andazi. Nikikosa, alilila mwenyewe mbele yangu, tena polepole.

Siku moja akaja mwanamume tusiyemjua, ana magunia mawili madogo yamefunikwa kwa majani ya migomba. Vita vilikuwa vya kwenye redio bado, huko kaskazini, ingawa watu wazima walikuwa wameanza kupunguza sauti kila mgeni anapoingia. Tairi lake lilikuwa limelala karibu na rimu.

"Ongeza upepo, fundi. Ni maharage tu," alisema.

Mimi nikacheka, nikijua nimeshapata andazi. "Si maharage, Baba! Ni chuma!"

Baba hakunitazama. Alitandaza jivu, akasukuma pikipiki, akasoma, akajaza. Hakuuliza kitu. Mtu yule alinitazama mimi muda mrefu, kisha akalipa, akaondoka. Baba hakumgusa begani. Alikwenda bombani akanawa mikono, akarudi, akaenda tena kunawa, na andazi langu sikulipata. Jioni nilimsikia akimwambia Mama kwamba ni mapanga, amejua kwa mlio, na kwamba amemjazia vizuri kabisa. Mama akamwuliza angefanyaje.

Hapa inabidi niseme kuhusu Mama. Alizaliwa katika familia ya Kitutsi na Kikatoliki, akamfuata Baba na dini yake, na ndugu zake wengi wakamkasirikia. Aliyembakia ni mdogo wake, Vestina, niliyemwita Mama Mdogo. Vestina alikuwa mjane, akiishi Muhima, kwenye mteremko wa kwenda Nyabugogo, yeye na mama mkwe wake na binti yake Klarisa. Klarisa alikuwa rika langu. Tulibadilishana nguo, chawa na siri. Nilimwonea wivu mashavu yake, kwa sababu mimi niliugua malaria mara kwa mara, na Mama alisema malaria imeniachia macho tu. Baada ya siku ya yale magunia, Mama alikwenda Muhima kumsihi Vestina ahamie kwetu. Vestina akamcheka kidogo. Akasema atakuja, mvua zikipungua, mama mkwe akipata nafuu.

Mvua hazikupungua. Mauaji yalipoanza tulijifungia ndani. Mama hakutoka hata uani. Kwa siku za kwanza alilala nyuma ya marobota ya vitambaa vya Mama Zuhura, na mtu yeyote aliyeuliza aliambiwa na uchochoro mzima kwamba mke wa fundi amekwenda kwao zamani. Tulikaa tukisikiliza. Mimi nilijifunza kutofautisha filimbi ya wauaji walio karibu na ya walio mbali. Sipendi mpaka leo mtu apige filimbi karibu yangu, hata refa uwanjani.

Asubuhi moja akaja mteja wa zamani wa Baba, muuza maziwa, akanong'ona dirishani. "Fundi, shemeji yako iko muzima. Iko ndani ya nyumba, yeye na mutoto. Lakini nimesikia leo watarudia ile mustari ya nyumba. Kama unaenda, uende sasa." Akaondoka haraka, hakungoja asante.

Baba alikaa chini. Kisha akaeleza, kwa sauti ile ile ya kueleza tairi. Vijana wa vizuizini wengi anawajua. Pikipiki zao, na za baba zao, zimepita mikononi mwake. Kitambulisho chake, chenye kuonyesha kabila, hakina shida. Atasema anakwenda kumchukua mkewe na bintiye. Mama akatoa buibui lake kwa ajili ya Vestina, na ushungi wangu mweupe wa madrasa kwa ajili ya Klarisa, akavikunja, akavifunga ndani ya kanga.

"Sasa njooni mkae," Baba alisema.

Pikipiki ilikuwa uani, chini ya paa. Ilikuwa imelala usiku kucha, tairi baridi kama alivyopenda. Hakuna aliyemwita Mama Zuhura siku ile. Mama alitoka nyuma ya marobota, akapanda kwenye kiti cha nyuma, akakaa mahali pa mdogo wake. Mimi nikapandishwa katikati, mahali pa Klarisa. Baba akashika usukani akiwa amesimama chini, akatandaza jivu kwa mguu, akatusukuma. Tairi likapita juu ya jivu bila mlio. Nilisikia pumzi ya Mama kisogoni, na moyo wake ukigonga mgongoni kwangu.

"Vestina amekonda au amenenepa?" Baba aliuliza.

"Yuko kama mimi," Mama alisema.

"Na mtoto?"

Mama alinitazama. "Kama huyu."

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema Klarisa ana mashavu, Klarisa anakunywa maziwa, mimi nimetoka kuugua, mimi ni macho tu. Nilijikaza, nikajibonyeza kwenye kiti kwa nguvu zote nilizokuwa nazo ili niwe mzito. Baba aliongeza upepo, akatusukuma tena, akachuchumaa. Akatazama alama. Akaongeza kidogo cha mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akajigusa begani mwenyewe.

"Yesu na Mariya," Mama akanong'ona, majina ya dini aliyoiacha, na Baba hakumkemea.

Akaondoka peke yake, pikipiki ina upepo wa watu watatu, ikirukaruka juu ya mawe ya uchochoro. Nilimsikia mpaka kona ya msikiti, na baada ya kona.

Mama hakurudi nyuma ya marobota. Alichemsha maji ya kuwaogesha, akasonga uji, akalitandika lile godoro la wageni karibu na langu. Ilipita asubuhi, ikapita adhuhuri bila adhana. Halafu nikasikia pikipiki. Mama naye akaisikia, akasimama, uso wake ukafunguka kama wa msichana. Alisikia injini. Mimi nilisikia tairi. Lilikuwa bado linaruka. Si kama lilivyokwenda, ila linaruka. Likiwa na watu watatu lingekuja limetulia, zito, likikanyaga mawe na kuyashika. Niliyajua haya kabla mlango haujafunguliwa, na nilimtazama Mama akiwa na furaha, na sikuwa na la kufanya na nilichokijua.

Nyuma ya Baba alikuwa Klarisa, ndani ya ushungi wangu. Buibui la Mama lilikuwa limekunjwa vile vile, limefungwa kwenye usukani.

Mama alimshusha Klarisa, akamkumbatia, akamnusa kichwa, halafu akazunguka pikipiki, akatazama nyuma yake na chini yake. Akatazama hata uchochoroni, ingawa alikuwa amekatazwa kutokeza.

"Nimeshindwa," Baba alisema. "Nitarudi tena."

Kisha akachuchumaa penye tairi la nyuma. Alilitazama kwa muda mrefu mno, amelishika kwa viganja vyote viwili, na nikaona mabega yake yanacheza. Akabonyeza kidude cha tyubu, upepo ukatoka kwa mlio, kidogo, akafunga. Sasa ulikuwa wa watu wawili. Akapanda, akaondoka tena, na hakula uji.

Aliporudi jua lilikuwa bado lipo. Safari hii hata Mama alilisikia tairi likirukaruka tangu mbali, jepesi, halina mtu wa pili. Hakusimama. Alijifunika kanga uso mzima, akakaa hivyo mpaka Baba alipoingia, na Baba akakaa sakafuni kando yake bila kuvua viatu. Klarisa alikuwa amelala kwenye godoro lake, au alijifanya amelala.

Sitaeleza majuma yaliyofuata. Mtaa ulitufunika, tukabaki hai, na hilo peke yake lingehitaji kitabu cha mtu mwingine. Vita vilipokwisha Baba alifungua tena banda. Alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, hadi macho yalipomwishia. Lakini jivu hakulitandaza tena. Alichomeka kipimo cha chuma, akasoma, akajaza namba anayoambiwa na mteja, basi. Hakumwuliza mtu yeyote tena anabeba nini. Mama Zuhura alijaribu kumchokoza, akasema viazi vyake viko hapa, havijapata kazi. Baba alimjibu kwa adabu kwamba siku hizi vipimo ni vizuri.

Mimi nilijua kwa nini. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu: alirudi, akaenda moja kwa moja kwenye tairi, akalitazama, akalia. Kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye tairi. Upepo haukutosha kumbeba Mama Mdogo pamoja na mtoto, na haukutosha kwa sababu alama kwenye jivu ilikuwa ya uongo, na ilikuwa ya uongo kwa sababu yangu. Mimi nilikuwa mwepesi kuliko Klarisa. Ningekuwa mzito kama yeye, Baba angeongeza pumzi chache za pampu, na wote watatu wangerudi. Mnaweza kucheka, na mimi mwenyewe nimekua, nimesoma, nimejua kwamba pumzi chache za pampu haziamui uhai wa mtu. Lakini kujua ni kitu kimoja. Nilianza kula. Nilikula ugali wa Klarisa akiubakiza, nikakomba sufuria, nikala mpaka tumbo linauma. Mama alifurahi, akasema malaria imetoka mwilini. Usiku nilimsikia Klarisa akipumua kando yangu, nikahesabu pumzi zake, na nikaogopa siku atakayoniuliza.

Hakuniuliza. Alikua nasi, akawa dada yangu. Jumapili Baba alimpeleka mwenyewe mpaka mlango wa kanisa, akamsubiri nje na kofia yake ya kitambaa kichwani. Watu walizoea. Klarisa hakuwahi kuitaja Muhima, na sisi hatukuitaja, na kimya kile kikawa kama fanicha kubwa ya nyumbani ambayo kila mtu anaizunguka. Mama alikufa na kimya chake. Baba naye akazeeka na cha kwake. Nilifikiri ananihurumia. Kila aliponiangalia kwa upole, nilifikiri: anajua, na ameamua kutoniambia.

Siku ya hitima ya Baba, watu walipokuwa ndani wakimalizia chai, mimi na Klarisa tulikuwa uani tukiosha masufuria ya pilau. Sote ni mama za watu sasa. Alikuwa akikwangua ukoko kwa kijiko, amenipa mgongo, na sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni kwamba hakuna tena mzazi wa kumwumiza.

"Siku ile ya Muhima," nilisema, "mimi ndiye nilikaa mahali pako."

Akaacha kukwangua. "Mahali pangu wapi?"

Nikamweleza. Jivu, Mama kwenye kiti cha nyuma, mimi katikati, nilivyojibonyeza. Nikamwambia kwamba nilikuwa mwepesi, kwamba upepo ulipungua, kwamba ndiyo sababu Baba alimwacha mama yake. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikiangalia maji machafu.

"Nani alikuambia hayo?"

"Hakuna."

"Na umekaa nayo mpaka leo?" Alikuja akachuchumaa mbele yangu, mikono ina masizi. "Sikiliza wewe. Mama alikataa. Baba yako alimwambia panda shemeji, nimejaza ya watu watatu, inatosha. Aliapa kwa Mungu. Mama akasema najua inatosha. Lakini nyanya, mama mkwe wake, alikuwa kitandani, hawezi hata kukaa. Mama akasema, nikipanda, huyu nani atampa maji? Akanivika ule ushungi, akanipandisha." Akakiweka chini kijiko. "Baba yako alimshika mkono akamvuta. Akamvuta tena. Alimvuta mpaka Mama akamwambia, shemeji, unaniumiza. Ndiyo akamwachia."

Ndani, mtu alikuwa akisoma dua kwa sauti ya uchovu. Nilimwona Baba amechuchumaa, amelishika tairi kwa viganja vyote viwili, tairi gumu, lililojazwa sawasawa, lenye nafasi ya mtu.

"Kwa hiyo upepo ulitosha," nilisema.

"Ulitosha, sha, ndugu yangu. Ulibaki." Klarisa alinitazama toka juu hadi chini, akajifuta pua kwa mkono wenye masizi. "Halafu nani alikudanganya wewe ulikuwa mwepesi? Sisi tulikuwa hatujala siku ngapi, mimi nilikuwa mifupa tu. Wewe ulikuwa bonge. Nilipofika nilikuona umesimama pale mlangoni, nikasema moyoni, huyu hapa kwao wanakula."

Nikaanza kucheka, naye akacheka, tukashikana mabega kati ya masufuria, tukacheka mpaka mashangazi wakachungulia mlangoni kuona ni nani hao wanaocheka matangani, na wakatukuta tunalia.